Ipime Siku Inapobadilika: Jinsi ya Kuitambua Distro Thabiti ya Seva na Laptopu

Katika Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu kuna maduka ambamo laptopu zilizotumika Ulaya hupangwa rafuni kama mikate: ThinkPad, EliteBook, Latitude. Watu huziita "ex-UK". Mnunuzi akiingia huuliza swali moja tu: "Inawaka?" Muuzaji hubonyeza kitufe, taa zinawaka, picha inatokea, na bei inaanza kujadiliwa.

Juzi niliingia katika duka mojawapo nikachomeka flashi yenye Debian, nikaiwasha mashine kutoka kwenye flashi hiyo, nikajiunga na waifai ya duka, kisha nikaufunga mfuniko.

"Boss, mbona umezima tena?" muuzaji akauliza.

"Sijazima. Nimeilaza. Nataka kuona kama itaamka."

Nikatoka nje, nikanywa chai ya rangi kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi, nikarudi baada ya dakika kumi. Nilipofungua mfuniko feni ilivuma lakini skrini ikabaki nyeusi. Nikaomba mashine ya pili, yenye mkwaruzo mrefu mgongoni. Hiyo iliamka kabla sijamaliza kuifungua, na waifai ikajiunga yenyewe. Ndiyo niliyonunua.

Nimefunga seva na kutengeneza laptopu kando ya ziwa la hapa Kisumu kwa muda wa kutosha kujua kwamba kuwaka si sifa. Kila distro huwaka siku inapowekwa. Ubora huonekana siku kitu kinapobadilika: stima inapokatika, sasisho linapoingia, toleo linapofika mwisho wa umri wake, mashine inapolazwa na kuamshwa. Anayetaka kuchagua vizuri na aipime distro kwa siku hizo. Haya yafuatayo ndiyo ninayoyatazama mimi, kwa mpangilio ninaoyatazama.

Thabiti ya aina mbili

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Distro ni kazi ya watu wanaochukua kerneli ya Linux na maelfu ya programu nyingine, wakazipanga zikae pamoja, wakazijaribu, na kuendelea kutuma viraka kosa linapogunduliwa. Watu wawili wakisema distro fulani ni thabiti, huenda kila mmoja anasema lake. Wa kwanza anamaanisha haigandi. Wa pili anamaanisha haibadiliki: amri uliyoiandika jana itafanya kazi ile ile leo na mwakani.

Arch Linux haina matoleo. Hupokea programu mpya kila siku. Inaweza kukaa kwenye laptopu ya mwanafunzi wa Maseno miezi mingi bila kuganda hata mara moja. Kisha Agosti 2022 likaja sasisho la GRUB, programu inayoamsha mfumo wote, na mashine nyingi za Arch na za mdogo wake EndeavourOS zikakataa kuwaka. Kwa maana ya kwanza zilikuwa thabiti mpaka jioni ile. Kwa maana ya pili hazijawahi kuwa, wala Arch haikuahidi hivyo.

Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, inaposema toleo lake ni thabiti inamaanisha maana ya pili. Ndiyo maana vijana huiona imezeeka: programu zake zimepitwa na toleo moja au mawili. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye seva, shika maana ya pili bila kuyumba. Kwenye laptopu unaweza kulegeza kidogo, na nitaeleza lini.

Soma mkia wa namba

Kitu cha kwanza ninachokitazama ni kidogo mno, na wengi hukipita. Kwenye seva ya Debian 12 andika *dpkg -l openssh-server*, kisha tazama safu ya toleo. Utakuta namba ya namna hii: 1:9.2p1-2+deb12u3. Kipande cha 9.2p1 ni toleo lililotolewa na waandishi wa OpenSSH, programu ya kuingilia seva kutoka mbali, mapema 2023. Mkia wa +deb12u3 ni mkono wa mafundi wa Debian. Unakwambia kwamba programu ni ile ile uliyoanza nayo, ila imetiwa viraka, na hiki ni cha tatu.

Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza tundu kubwa katika OpenSSH, likapewa jina regreSSHion. Lilikuwa kosa la 2006 lililozibwa zamani, likarudi kimakosa katika toleo 8.5. Waandishi wa OpenSSH walitoa toleo 9.8 kulitibu. Debian 12 haikuhamia 9.8. Ilichukua kiraka peke yake, ikakishona kwenye 9.2 ile ile, na mkia ukawa u3. Mwenye Debian 11, yenye OpenSSH 8.4, hakuguswa kabisa: toleo lake lilikuwa kongwe kuliko kurudi kwa kosa lenyewe.

Wiki ile mteja wangu mmoja alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Mkaguzi alikuwa amepitisha skana yake, na ripoti ilikuja nyekundu: seva ina OpenSSH ya zamani. Skana ilisoma 9.2 na kuishia hapo, mkia haikuuona. Nikamwambia aandike *apt changelog openssh-server* amwonyeshe mkaguzi mistari ya juu. Mle mmeandikwa tundu kwa namba yake rasmi, kiraka, tarehe, na jina la aliyekitia. Mkaguzi akaifuta ile nyekundu.

Basi kipimo cha kwanza ni hiki: je, distro inakuonyesha nani alishona kiraka, lini, na kwa nini? Ukifungua orodha ya mabadiliko ukakuta "maboresho mbalimbali" na basi, irudishe rafuni.

Hesabu miaka, kisha mtazame aliyeiahidi

Kila toleo lina siku ya kufa, na distro yenye heshima huitangaza mapema. Debian hupewa miaka mitatu ya huduma kamili na miwili ya nyongeza, jumla mitano. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, nalo hupata miaka mitano. Ukijiandikisha na Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi mashine tano, inafika kumi. AlmaLinux na Rocky Linux hufuata nyayo za Red Hat na kukaa takriban miaka kumi: toleo la 9 litafika 2032. Fedora ni distro nzuri sana, lakini kila toleo lake huishi miezi kama kumi na mitatu. Kwa shule ya kijijini inayomwona fundi mara moja kwa mwaka, hiyo ni kuweka maziwa mahali pasipo na jokofu.

Lakini miaka ni ahadi, na ahadi ina mwenyewe. CentOS ilikuwa kwa muda mrefu chaguo la waliotaka kitu kama Red Hat bila malipo. CentOS 8 ilipotoka mwaka 2019 watu walihesabu hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba itakoma mwisho wa 2021. Zaidi ya miaka saba ikafutwa kwa tangazo moja, huku ndugu yake mkubwa, CentOS 7, akiachiwa kuishi hadi 30 Juni 2024. Waliokuwa wamehamia kwenye kipya ndio walioumia.

Katika vumbi hilo zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux, zote mwaka 2021. Ya pili ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, akaipa jina la mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Zote mbili zilitoa zana ya kuihamisha seva ya CentOS 8 papo hapo bila kuifuta. Hapo nikajifunza kipimo ambacho sikuwa nacho: usitazame tu mlango wa kuingilia. Uliza, huyu mwenye nyumba akibadili nia, mimi natokea wapi?

Siku ya kufa ikipita, la kuvunda halina ubani. Wenye laptopu wengi waliligundua hilo tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilipofika mwisho wa huduma yake ya kawaida. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine nyingi za ex-UK ni za kizazi cha sita au cha saba. Ni nzima, zina nguvu, lakini zimefungiwa nje. Hivyo swali la distro limeingia hata kwa watu ambao hawakuwahi kulijali: walimu, makarani, wenye saiba.

Chungulia chujio

Kipimo cha tatu ni njia ambayo programu hupitia kabla ya kukufikia. Katika Debian, programu mpya huingia kwanza katika tawi liitwalo sid, jina la yule mtoto anayevunjavunja vitu vya kuchezea katika filamu ya Toy Story. Ikikaa siku kadhaa bila kosa zito kuripotiwa, huteremka kwenye tawi la majaribio. Kisha, kila baada ya takriban miaka miwili, milango hufungwa hatua kwa hatua: hakuna kipya kinachoingia, kazi ni kurekebisha tu. Kwa Debian 13, milango ilianza kufungwa Machi 2025 na toleo likatoka tarehe 9 Agosti. Karibu miezi mitano ya kufagia tu.

Faida yake ilionekana tarehe 29 Machi 2024. Mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia hiyo nusu sekunde mpaka akafika kwenye xz, programu ya kubana faili ambayo karibu kila Linux inaitegemea. Ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ulikuwa umefichwa mlango wa siri, uliotiwa na mtu aliyekuwa amejijengea imani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Mlango ulikuwa umeshafika sid, tawi la majaribio la Debian, Fedora Rawhide na openSUSE Tumbleweed. Debian thabiti, Ubuntu ya muda mrefu na Red Hat Enterprise hazikuwa nao.

Tusilisifu chujio kwa kazi ambayo halikufanya. Halikuugundua mlango ule. Liliuchelewesha tu, na katika kuchelewa huko mtu mmoja makini akapata nafasi ya kuuona. Unapochagua distro ya seva, unanunua huo muda. Swali la kuuliza ni rahisi: programu iliyoandikwa leo itanifikia baada ya siku ngapi, na katika siku hizo ni watu wangapi watakuwa wameiendesha kabla yangu?

Tazama wanavyokosea

Anayekwambia distro yake haijawahi kukosea hajaitumia, au hajaisoma. Debian imekosea, tena vibaya. Mwaka 2006 fundi wake aliondoa mistari michache katika OpenSSL iliyoonekana kuleta malalamiko kwenye zana ya ukaguzi. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichangia bahati nasibu ya kutengeneza funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu ziliweza kukisiwa, kwa sababu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo yalibaki matokeo kama elfu thelathini na mbili tu. Luciano Bello aligundua, na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008: funguo zote zitupwe, zitengenezwe upya.

Kosa la karibu zaidi ni la Desemba 2023. Debian 12.3 ilikuwa mlangoni kutoka ilipobainika kwamba kerneli yake, 6.1.64, inaweza kuharibu data kwenye mfumo wa faili wa ext4, ule ambao karibu kila mtu anautumia. Wakasimamisha toleo, wakawaambia watu wasisasishe, wakatengeneza kerneli nyingine, na tarehe 10 Desemba wakatoa 12.4. Namba 12.3 ikarukwa.

Mimi husoma matangazo ya makosa kuliko matangazo ya sifa. Tangazo zuri lina vitu vitatu: nini kimeharibika, ni toleo gani hasa, na ufanye nini leo jioni. Distro kupita mwaka bila kutoa tangazo hata moja la usalama haimaanishi ni salama. Programu zake ni zile zile za wengine, na wengine wamekuwa wakitia viraka. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Chomoa waya

Sasa tutoke kwenye karatasi tuingie kwenye meza. Huku kwetu radi ni jirani. Msimu wa masika mawingu hujikusanya juu ya ziwa alasiri, upepo unageuka, na kabla wanaoanika omena hawajamaliza kukunja nyavu zao, stima imeshapotea. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, ilipotea karibu nchi nzima. Seva ambayo haijawahi kuchomolewa waya mbele ya macho yangu siikabidhi kwa mtu.

Jaribio lenyewe ni la dakika tano. Anzisha kitanzi kinachoandika saa kwenye faili kila sekunde: *while true; do date >> jaribio.txt; sleep 1; done*. Kiache kiende dakika mbili, tazama saa yako ya mkononi, kisha chomoa waya ukutani bila kuaga. Subiri kidogo, rudisha.

Ukifungua faili utakuta sekunde za mwisho hazipo. Usishtuke. Kerneli ya Linux kwa kawaida huruhusu maandishi kukaa kwenye kumbukumbu hadi kama nusu dakika kabla ya kuyateremsha diskini, isipokuwa programu iombe yateremshwe mara moja. Hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL huomba. Kitanzi chetu hakikuomba. Unachopima ni mambo mengine matatu. Je, mashine imerudi hadi mwisho bila kuuliza swali? Je, hifadhidata imejirekebisha na kufungua milango yake yenyewe? Na je, saa iko sahihi?

Hilo la saa huwaangusha wengi. Mashine kuukuu mara nyingi betri yake ndogo ya ubao imekufa, hivyo stima ikikatika huamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita. Sasisho hukataa, likilalamika kwamba faili za hazina ya programu "bado hazijaanza kufaa". Vyeti vya tovuti hukataa pia. Distro iliyotengenezwa vizuri huandika diskini saa ya mwisho iliyoijua, huanzia hapo ikiamka, kisha hujisahihisha mtandao ukirudi, bila wewe kuagiza.

Nilijifunza hayo kwa nauli. Niliwahi kufunga seva katika zahanati ndogo upande wa Usenge, ya kuweka rekodi za wagonjwa. Debian safi, UPS, na diski ya nje ya kuhifadhia bekapu. Miezi ikapita. Siku moja sista msimamizi akapiga simu: "Fundi, stima imerudi lakini ile mashine yako imekataa kuamka. Ina maneno meupe tu." Nikapanda matatu hadi Bondo, nikaunga hadi Usenge. Skrini ilikuwa imesimama katika hali ya dharura ikingoja nenosiri. Mtu alikuwa amechomoa diski ya bekapu ili achaji simu. Mfumo ulipowaka uliingoja diski hiyo sekunde tisini, haukuiona, ukakataa kuendelea.

Kosa halikuwa la Debian. Lilikuwa langu. Katika faili inayotaja diski, */etc/fstab*, sikuandika *nofail*, neno la herufi sita linalouambia mfumo kwamba diski hii ikikosekana maisha yaendelee. Siku nzima ya safari kwa herufi sita. Tangu hapo najua kwamba distro huleta nusu ya uthabiti na fundi huleta nusu ya pili, na stima haina habari ni nusu ya nani iliyopungua.

Laptopu ni mnyama mwingine

Seva huwekwa ikakaa. Laptopu hufungwa, hufunguliwa, hubebwa kwa bodaboda, hubadilisha waifai mara tano kwa siku na kuunganishwa kwenye projekta ya kanisa Jumapili. Hapo uthabiti wa maana ya pili peke yake hautoshi.

Jaribio langu ni la kulala na kuamka, na si mara moja. Ilaze mara kumi mfululizo, angalau mara moja usiku kucha bila chaja. Asubuhi tazama betri: ikiwa imeshuka kidogo, sawa, ikiwa imekwisha, mashine haikulala, ilifumba macho tu. Kisha jaribu waifai, sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, na projekta. Fanya yote hayo kutoka kwenye flashi kabla hujatoa pesa.

Katika kuchagua distro ya laptopu nina kanuni moja inayonifaa: toleo liwe limetoka angalau mwaka mmoja baada ya mashine kuingia sokoni. ThinkPad T480 ilitoka 2018. Debian 12 ilitoka Juni 2023. Mafundi wa kerneli walikuwa na miaka mitano ya kuizoea kila chipu iliyomo. Hivyo mashine ya zamani na distro ya polepole huoana vizuri, na ndiyo bahati ya sisi tunaonunua ex-UK. Zaidi ya hayo, tangu toleo hilo la 12, baada ya kura ya wanachama mwaka 2022, Debian huweka ndani ya kisakinishi chake zile programu ndogo zisizo huria ambazo chipu nyingi za waifai huzihitaji. Zamani ilibidi uzitafute kwa simu na kuzihamisha kwa waya.

Ukinunua laptopu ya mwaka huu, geuza kanuni. Hapo Fedora, au Ubuntu ya muda mrefu iliyotiwa kerneli mpya, itakufaa kuliko Debian, kwa sababu toleo la polepole halijawahi kuiona chipu yako.

Usisahau bando

Kipimo hiki hukikuti katika miongozo ya Ulaya. Distro inayobadilika kila siku ina gharama ya kila siku. Arch ikiachwa mwezi mmoja inaweza kudai gigabaiti kadhaa kwa mkupuo, na huwezi kuchagua nusu. Debian thabiti huomba viraka vya usalama, na mara moja kila miezi miwili hivi mkusanyiko wa marekebisho. Ubuntu iko katikati, ila ina tabia ya kujua mapema: programu zake za snap, Firefox ikiwa mojawapo katika matoleo ya muda mrefu tangu 22.04, huangalia masasisho zenyewe mara kadhaa kwa siku. Kwenye laptopu inayotumia bando la simu, itakula kimyakimya. Amri ya *snap refresh --hold* huizuia, nawe utasasisha siku ukiwa kwenye waifai.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo humpendelea mwenye distro ndogo mahitaji na hazina iliyo karibu. Kwa maabara ya shule mimi hufunga apt-cacher-ng kwenye seva moja: kiraka kinapakuliwa mara moja, kompyuta zote zinakichukua humo ndani. Kama distro haiwezi kuhudumiwa namna hiyo, itakuwa mzigo kwa shule ya mbali hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Karatasi

Ukiniuliza mimi, seva yoyote kando ya ziwa hili naipa Debian, au AlmaLinux pale programu inapodai familia ya Red Hat. Laptopu ya ex-UK naipa Debian au Ubuntu ya muda mrefu. Distro ya mtu mmoja, hata iwe na picha nzuri namna gani, naiacha: mtu huugua, huoa, huhama.

Kila seva ninayofunga huibandika karatasi ubavuni yenye mistari mitatu: jina la toleo, mwezi wake wa kufa, na namba yangu ya simu. Ile ya zahanati ilikuwa na Debian 10, na karatasi ilisema Juni 2024. Aprili ya mwaka huo sista akapiga simu.

"Fundi, karatasi yako inasema Juni. Unakuja lini?"

Tukachagua Jumamosi isiyo na kliniki. Nilichukua bekapu mbili, nikapandisha kutoka 10 hadi 11, kisha kutoka 11 hadi 12, maana Debian hairuki ngazi. Jumapili nikachomoa waya mara tatu, na mara moja nikachomoa na ile diski ya nje. Jumatatu asubuhi sista aliingia, akawasha skrini, akaandikisha mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akanigeukia akauliza kwa upole ni nini hasa nilichokuwa nikifanya siku mbili zote, maana haoni kilichobadilika.